Maji ya Ubongo Yaliyoshukia Kifuani

Mama mdogo alitibiwa kifua kwa muda mrefu, ilhali ugonjwa wake ulikuwa puani, na kwa kusema kweli hata puani haukuanzia. Ninayaandika haya kwa idhini yake, kwa sababu sisi watu wa Kisumu tunajua mengi kuhusu kikohozi na mengi kuhusu mafua, lakini sijakutana na wengi waliowahi kuambiwa kwamba viwili hivyo vinaweza kuwa na chanzo kimoja kilichoko juu zaidi, kwenye mfupa mwembamba unaotenganisha pua na ubongo.

Nianze na kifua, kwa kuwa ndicho kilichotukosesha usingizi. Mama mdogo hukaanga samaki kwa kuni, na ameifanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi. Kikohozi kilipomshika, kila mtu pale nyumbani Kaloleni alikuwa na jibu tayari: moshi. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi. Wanawake wanaokaanga mgongo wazi kule Obunga, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu, wanaujua moshi kwa macho yao na kwa mapafu yao, wala hawahitaji mtaalamu wa kuwathibitishia. Tatizo ni kwamba moshi una saa zake. Anayedhuriwa na moshi hukohoa zaidi akiwa mekoni na hupata nafuu akiondoka. Mama mdogo alikwenda kukaa kwa jamaa zetu Busia, mbali kabisa na jiko la kuni, akalalia godoro lililotandikwa sakafuni, na huko ndiko alikokohoa kuliko wakati wowote. Mchana alikuwa hana neno. Ikifika usiku wa manane anashtuka usingizini amepaliwa, anakaa kitako, anakohoa kohozi jepesi lisilo na rangi, kisha anaegemea mito hadi adhana ya alfajiri.

Alipimwa kifua kikuu, jambo ambalo kila mwenye kikohozi kisichoisha anapaswa kufanyiwa, na ambalo katika hospitali za serikali halina malipo. Makohozi yake yalipitishwa kwenye mashine ya GeneXpert, hakukuonekana kitu. Akaandikiwa antibiotiki za nimonia, akapata nafuu ya siku chache, kikohozi kikarudi. Akapewa inhela ya pumu. Picha ya eksirei ilionyesha vivuli vilivyofifia upande wa nyuma wa mapafu, vivuli ambavyo mmoja alivisoma kuwa nimonia inayopona na mwingine akavisoma kuwa makovu ya moshi. Kila dawa aliyopewa ilikuwa na hoja yake, na mimi siwalaumu waliozitoa. Ninacholalamikia ni mpango wenyewe wa kliniki zetu, ambao humfanya mgonjwa apange foleni ya kifua siku moja na foleni ya pua siku nyingine, mbele ya watu wawili wasiosoma daftari moja.

Maana pua nayo ilikuwa na mambo yake. Tundu la kulia lilitiririka maji, si kila saa, ila mara nyingi kiasi kwamba kitambaa cha mkononi hakikumtoka kiganjani. Ilisemwa ni mzio wa vumbi, kisha ikasemwa ni sainasi, akapewa vidonge na dawa ya kupuliza puani. Nyumbani tuliongeza yetu: sufuria ya maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, shuka juu ya kichwa, na kujifukiza. Akiinama juu ya sufuria ile pua ilimwagika kwelikweli, na bibi mmoja jirani akawa anasema kwa kuridhika kwamba mnaona, uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Ni kuinama tu kulikoyamwaga maji hayo, na yangemwagika vilevile hata kama sufuria ingekuwa tupu.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ni yeye peke yake aliyekuwa akiiona kila siku. Kamasi ya mafua ikikauka kwenye kitambaa huacha ukoko, na kitambaa hukakamaa. Kitambaa chake kilikauka laini, bila alama, kana kwamba kilidondokewa na maji ya mfereji. Maji hayo yalipomshukia kooni aliyasikia yana chumvi kidogo. Mambo mawili madogo, na katika miezi yote ile hakuna aliyemuuliza hata moja.

Ubongo haukukaa mkavu ndani ya fuvu. Umezungukwa na kiowevu kinachoshuka hadi kwenye uti wa mgongo, ambacho watu wengi hukiita tu maji ya uti wa mgongo, na kazi yake mojawapo ni kuubeba ubongo usilemee mfupa. Ubongo wenye uzito wa gramu 1,400 hivi, ukiwa ndani ya kiowevu hicho, huwa na uzito wa gramu 50 hivi tu. Kwa mtu mzima, kiasi kilichomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150, lakini mwili hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku, kwa hiyo maji hayo hubadilishwa zaidi ya mara tatu kila baada ya saa 24. Kinachoyazuia yasishuke puani ni utando mgumu unaoufunika ubongo na mfupa ulio juu ya paa la pua. Sehemu moja ya mfupa huo ni nyembamba mno na ina vitundu vidogo vidogo, ambamo hupita mishipa ya fahamu inayotuwezesha kunusa. Mfupa ukitoboka na utando ukachanika, maji hupata njia. Mtu akiwa amesimama au ameinama, hutoka kwa mbele, puani. Akilala chali, hutelezea nyuma kooni.

Hapo ndipo kifua kinapoingia katika habari hii. Mengi ya maji yanayoshuka kooni humezwa, na tumbo halina shida nayo. Lakini usingizini mlango wa koo hulegea, na hata mtu mzima wa afya huvuta mate kidogo kidogo ndani ya mapafu bila kujua. Mapafu yenye nguvu huyasafisha na mambo yakaisha. Mambo hayaishi pale maji yanapodondoka usiku kucha, usiku baada ya usiku, yakiwa yamepitia puani na kooni ambako yamebeba vijidudu. Vifuko vya hewa huchokozeka, kuta zake huvimba, oksijeni hupita kwa taabu, na mtu huanza kuhema akipanda kilima kidogo tu. Huo ndio mchochota wa mapafu niliokusudia kuuzungumzia. Si nimonia ile inayomwangusha mtu kwa homa kali ndani ya siku mbili. Ni kitu cha polepole, chenye kikohozi cha usiku, kinachopungua mgonjwa akilala ameinuliwa kichwa na kinachorudi akilala sawasawa. Antibiotiki huweza kuua vijidudu vilivyoshuka na maji, ndiyo maana nafuu ya siku chache huonekana, lakini haziwezi kuziba tundu la mfupa.

Si ugonjwa wa kila siku. Visa ambavyo madaktari wameviandika, vya mapafu kuvimba kwa sababu ya maji ya ubongo kuvuja, ni vichache, na vingi vinafanana: mgonjwa alitibiwa pumu au nimonia isiyopona, mpaka mtu mmoja akaja kuuliza habari za pua. Uchache huo ndio hatari yenyewe, kwa sababu daktari anayehudumia umati wa watu tangu asubuhi hulifikiria kwanza lile analoliona kila siku, na hiyo ni busara ya kazi wala si uzembe.

Kwetu aliyeuliza alikuwa daktari kijana wa masikio, pua na koo, mwanamke, ambaye Mama mdogo alifikishwa kwake kwa ajili ya sainasi. Alimtazama, akaona amevaa buibui, akauliza swali ambalo sijui kama liliandikwa katika kitabu chochote cha udaktari.

“Mama, ukisujudu, pua inafanyaje?”

“Inadondoka, daktari. Msala wangu una sehemu moja haikauki.”

“Upande gani?”

“Huu wa kulia. Siku zote huu wa kulia.”

“Na hicho kikohozi nilichokisikia ukiingia, kinakuja ukiwa umelala au umekaa?”

Mama mdogo aligeuka akanitazama mimi, kisha akajibu kwamba kinakuja amelala. Daktari hakusema kitu. Alifungua droo akatoa kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko, akamkalisha kwenye ukingo wa kiti, akamwomba ainamishe kichwa mpaka kifike karibu na magoti, na akakishikilia kichupa chini ya tundu la kulia. Tulingoja. Tone la kwanza lilining'inia kwenye ncha ya pua kwa muda, likang'aa, likaanguka. Kisha yakafuatana, bila uzi wa kamasi, bila povu, hadi chini ya kichupa pakafunikwa. Muuguzi aliyekuwa pembeni akauliza kama alete kijiti cha kupimia sukari, kwa kuwa maji ya ubongo huwa na sukari. Daktari akamwambia kwamba kipimo hicho hudanganya, maana machozi na kamasi navyo huweza kuonyesha sukari, hasa kwa mtu mwenye kisukari. Alichokitaka ni kipimo cha beta-2 transferini, protini iliyomo ndani ya maji ya ubongo na isiyopatikana kwenye kamasi wala machozi, na ambacho huhitaji kiasi kidogo sana cha maji. Kichupa kilipelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, hayakuacha nafasi ya kubishana.

Skani ya CT ya fuvu ilionyesha mwanya mdogo kwenye paa la pua upande wa kulia. Skani ya kifua ilionyesha sehemu za nyuma za mapafu, zile ambazo huwa chini mtu anapolala chali, zimetanda ukungu, zikiwa zimefifia kama kioo cha dirisha kilichopulizwa pumzi. Kwa mara ya kwanza picha ya pua na picha ya kifua ziliwekwa ubaoni pamoja, na aliyezitazama alikuwa mtu mmoja.

Swali letu lilikuwa: mwanya umetoka wapi, na mbona hakuanguka? Sababu kubwa ya kuvuja huku duniani ni majeraha ya kichwa, na katika nchi ya bodaboda kama hii yetu ya magharibi mwa Kenya haishangazi. Aliyegonga kichwa, macho yakamzunguka weusi au nyuma ya sikio pakavilia damu, kisha pua au sikio likatoa maji mepesi yaliyochanganyika na damu, huenda amevunjika kitako cha fuvu. Huyo asipenge kamasi, asizibwe pua kwa pamba, na hospitalini asipitishwe mrija puani kabla ya kuchunguzwa. Mivujo mingi ya ajali huziba yenyewe baada ya siku kadhaa za kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, ingawa mingine hujitokeza wiki au miezi baadaye, wakati ambapo ajali imekwisha kusahaulika. Upasuaji wa pua nao huweza kuacha tundu. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mwanamke aliyeanza kuvuja baada ya kupimwa korona kwa kijiti cha puani. Ilibainika kwamba tayari alikuwa na kasoro kwenye mfupa ambayo hakuijua.

Mama mdogo hakuangukia lolote kati ya hayo. Yeye ni wa kundi la tatu, wale ambao huvuja bila kuguswa na mtu, na wengi wao ni wanawake wa umri wa makamo walio wanene. Yeye ni mnene, na hapendi nilizungukie jambo hilo, kwa hiyo silizunguki. Katika kundi hili presha ya maji ndani ya fuvu huwa imepanda kwa miaka, na presha hiyo huula mfupa polepole mpaka ukatoboka. Hii si presha ya damu inayopimwa mkononi. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, macho kuona ukungu kwa kitambo, na mlio masikioni unaofuata mapigo ya moyo. Alikuwa nazo zote, na baadaye tu ndipo tulipojua kwa nini maumivu ya kichwa yalimpungua wakati uleule pua ilipoanza kutiririka: maji yalikuwa yamejipatia tundu la kupumulia.

Daktari alitueleza waziwazi kwamba kilichomtia wasiwasi zaidi si mapafu. Tundu linaloruhusu maji kushuka huruhusu pia vijidudu kupanda, na nimokokasi, bakteria inayoishi puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, ikifika huko juu huleta homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoweza kuua kwa siku chache. Kwa hiyo alimwandikia chanjo ya nimokokasi, akatuambia kwamba akishikwa na homa, shingo ikakakamaa au akaanza kusema yasiyoeleweka, tusingoje kupambazuke. Familia ikachanga, kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, na rufaa ikaandikwa ya kwenda Eldoret.

Mwaka 1926, daktari wa upasuaji Walter Dandy alipoziba mvujo wa namna hii kule Baltimore, alilazimika kufungua fuvu. Tangu miaka ya 1980 njia iliyozoeleka hupitia puani, kwa mrija mwembamba wenye kamera, na katika mikono yenye uzoefu zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huzibika. Daktari hutafuta mwanya, husafisha kingo zake, na kuuziba kwa kipande cha tishu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa Mama mdogo kilichukuliwa pajani, kikafunikwa kwa ngozi laini ya ndani ya pua. Kabla ya hapo alidungwa mgongoni dawa ya rangi ya manjano inayoelekea kijani, ambayo husafiri ndani ya maji hadi juu na kuonyesha panapovuja. Alifurahi sana kusikia kwamba hatanyolewa wala kupasuliwa kichwa.

Kilichokuwa kigumu kilikuja baadaye, nacho ni masharti. Asiiname. Asinyanyue karai la samaki. Asipenge. Akitaka kupiga chafya, aachame. Alale kichwa kikiwa kimeinuliwa, na apewe dawa ya kulainisha choo ili asijikamue, maana kujikamua hupandisha presha ya fuvu na kusukuma kiraka. Kwa mtu anayesali sala tano, sharti la kwanza peke yake ni zito. Alimpigia imamu wetu simu kutoka wodini. Imamu akamjibu kwamba mgonjwa husali ameketi na kuashiria rukuu na sijida kwa kichwa, sijida iwe chini kidogo kuliko rukuu. Daktari naye akaongeza kwamba hata huko kuashiria kuwe kwa kiasi. Alipouliza kuhusu udhu, kwa kuwa alikuwa akiogopa kwamba yale matone yalikuwa yakimharibia swala muda wote ule, aliambiwa kwamba kwa madhehebu ya Shafii kitokacho puani hakitengui udhu, na kwamba kupandisha maji puani wakati wa kutawadha ni sunna, wala si faradhi, basi akiache. Nilimwona akishusha pumzi kuliko alivyoishusha alipoambiwa upasuaji umefaulu.

Kikohozi kilianza kuondoka kabla hata hajaruhusiwa kurudi nyumbani, bila inhela na bila antibiotiki za kifua. Skani iliyorudiwa baada ya miezi kadhaa ilionyesha ukungu ule umeondoka, isipokuwa mistari hafifu chini ya pafu la kulia. Mistari hiyo, daktari alisema, huenda ni ya moshi kweli, kwa hiyo wale waliosema moshi hawakukosa kabisa, na sasa jiko la kuni limehamishiwa uani chini ya bati lisilo na kuta.

Ila kuziba tundu hakukushusha presha iliyolitoboa, na mtu akiachwa hivyo mfupa unaweza kutoboka mahali pengine. Mama mdogo sasa anahudhuria kliniki ya macho, ambako hutazamwa kama mshipa wa jicho umevimba, anapunguza uzito kwa manung'uniko mengi, na anameza asetazolamaidi, dawa inayopunguza kiasi cha maji yanayotengenezwa ubongoni. Dawa hiyo humfanya awashwe na kufa ganzi kwenye ncha za vidole, na ameambiwa anywe maji ya kutosha ili isimletee vijiwe vya figo. Soda baridi, aliyokuwa akiipenda kuliko chai, anasema siku hizi ina ladha ya chuma; alipomlalamikia daktari aliambiwa kwamba dawa hiyo inajulikana kwa kuharibu ladha ya vinywaji vyenye gesi, na kwamba kwa mtu anayetafuta kupunguza uzito hilo halihitaji kutibiwa.